George Carruthers na kamera ya ultravioleti iliyoachwa mwezini

George Robert Carruthers (1939–2020) alikuwa mtaalamu wa fizikia ya nyota, Mmarekani mweusi, ambaye kwa karibu miaka arobaini alitengeneza vyombo vya kupokea mwanga usioonekana kwa macho ya mwanadamu. Mwanga huo unaitwa ultravioleti. Vitabu vingine vya Kiswahili huuita urujuanimno. Vyombo vyake vilirushwa kwa roketi ndogo, kimoja kikasimamishwa mwezini mwaka 1972, kingine kikatumika katika kituo cha anga cha Skylab, na vingine vikaruka katika shuttle na katika satelaiti. Picha zake za mwezini zilikuwa za kwanza kuonyesha, kutoka mbali, wingu jembamba la hidrojeni linaloizunguka dunia yetu.

Tumeona vema kuandika habari zake kwa ajili ya makanisa ya Kasongo, Kabambare na ya mashariki yote kwa sababu tatu. Ya kwanza, kati ya mambo yaliyoonekana katika picha zake imo mikanda ya mwanga wa usiku karibu na ikweta, na mmoja wa mikanda hiyo hupita juu ya nchi kama zetu. Ya pili, tabaka la anga linalotoa mwanga huo ndilo linalobeba sauti za fonie zetu, na mara nyingine ndilo linalozipoteza. Ya tatu, vijana wetu wengi wanaosoma sekondari wanadhani kwamba elimu ya anga ni mambo ya watu wengine. Maisha ya Carruthers yanatusaidia kulijibu wazo hilo.

Tuseme pia mapema: elimu ya nyota tunayoizungumza hapa si uaguzi wa nyota. Mwaguzi hudai kwamba nyota zinapanga ndoa, mali na kifo cha mtu. Mtaalamu wa nyota hupima mwanga wao, joto lao na vitu vilivyomo ndani yao, na mtu mwingine akirudia vipimo vile vile anaweza kumkosoa.

Mwanga ambao hatuuoni

Mwanga husafiri kama mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Urefu huo hupimwa kwa nanometa. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Macho yetu huona kuanzia nanometa 700 hivi, ambayo ni rangi nyekundu, mpaka karibu nanometa 400, ambayo ni rangi ya violeti. Chini ya hapo jicho halioni tena, lakini mwanga haujaisha. Kuanzia nanometa 400 mpaka nanometa 10 ndiko kuliko ultravioleti.

Ultravioleti ya jua twaijua kwa matokeo yake. Ndiyo inayounguza ngozi, inayochakaza plastiki na kupausha rangi ya nguo zilizoanikwa siku nyingi. Sisi tulio karibu na ikweta tunapata nyingi, kwa kuwa jua la mchana husimama karibu na utosi mwaka mzima. Ndugu zetu wenye ualbino ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kuwakinga: kofia pana, mikono mirefu na kivuli saa za mchana si mapambo kwao, ni kinga ya kansa ya ngozi. Macho ya watu wote pia huathirika, na mwanga huo ni mojawapo ya mambo yanayoongeza mtoto wa jicho.

Hata hivyo, sehemu iliyo kali zaidi haitufikii kabisa. Gesi ya ozoni iliyo juu huzuia karibu yote iliyo chini ya nanometa 300, na oksijeni ya kawaida huzuia ile iliyo chini ya nanometa 200. Kwa uhai wetu hilo ni neema. Kwa mtaalamu wa nyota ni ukuta. Nyota zenye joto kali kabisa hutoa mwanga wao mwingi katika ultravioleti, na hidrojeni, gesi iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni, ina alama yake kuu katika nanometa 121.6. Aliye ardhini, hata akiwa na darubini kubwa namna gani, hawezi kuiona alama hiyo ikitoka kwenye nyota. Lazima chombo kipande juu ya anga.

Jambo hilo hilo ni kweli kwa mionzi ya X, na hapo Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika historia. Tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya X ya nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Miaka hiyo hiyo Carruthers alikuwa akifanya upande wa ultravioleti kazi ya namna hiyo.

Utoto na masomo

Carruthers alizaliwa tarehe 1 mwezi wa kumi 1939 huko Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa enjinia, na familia ikahamia mashambani, huko Milford. Mtoto alipenda kusoma hadithi za safari za angani, na alipokuwa na miaka kumi alijitengenezea darubini yake ya kwanza kwa mabomba ya karatasi ngumu na lenzi alizoagiza kwa posta.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili baba yake alifariki. Mama akarudi na watoto Chicago, mji wa kwao, akafanya kazi ya posta ili kuwalea. George aliingia shule ya Englewood, kusini mwa mji huo. Hakuwa mwanafunzi wa kwanza darasani. Alama zake za hesabu na fizikia hazikuwa nzuri. Lakini katika mashindano ya sayansi ya shule alishinda tuzo tatu, kwa sababu kazi ya mikono na udadisi vilimtoa mbele. Alitembelea sana jumba la nyota la Adler, ambako watu wa Chicago hufundishwa habari za anga.

Alimaliza sekondari mwaka 1957, mwaka ule ule Warusi waliporusha Sputnik, satelaiti ya kwanza. Akaingia Chuo Kikuu cha Illinois, akapata digrii ya kwanza ya uhandisi wa ndege mwaka 1961, ya pili ya uhandisi wa nyuklia mwaka 1962, na udaktari wa uhandisi wa ndege na vyombo vya anga mwaka 1964. Mwaka huo huo alikwenda Washington, kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. Miaka miwili baadaye akaajiriwa moja kwa moja, akabaki hapo mpaka alipostaafu mwaka 2002.

Tukumbuke miaka hiyo ilikuwa ya namna gani. Sheria kubwa ya Marekani ya kukataza ubaguzi wa rangi ilitiwa sahihi mwaka 1964, mwaka aliopata udaktari wake. Weusi katika maabara za fizikia ya anga walikuwa wachache mno. Carruthers alikuwa mtu wa maneno machache, na vyombo alivyotengeneza ndivyo vilivyomjulisha kwa wenzake.

Kamera yenye sumaku

Shida aliyoikuta ilikuwa hii. Filamu za picha za wakati ule zilipokea ultravioleti kali kwa unyonge sana, nayo roketi ndogo hukaa juu ya anga kwa dakika chache tu kabla ya kuanguka. Nyota hafifu isingeweza kuacha alama katika muda huo.

Carruthers alipata njia ya kuugeuza mwanga uwe umeme kabla haujafika kwenye filamu. Ndani ya kamera yake mwanga huingia, hukusanywa na kioo cha mviringo, na kuangukia sahani iliyopakwa chumvi maalumu. Kila chembe ya mwanga ikigonga chumvi hiyo yaweza kutoa elektroni. Elektroni hizo husukumwa kwa umeme wa volti nyingi, na sumaku huziongoza zisitawanyike, kila moja ifike mahali pake. Zinapoigonga filamu zina nguvu nyingi, kwa hiyo zinaacha alama ambayo mwanga wenyewe usingeiacha. Tena chumvi inayotumika haisikii mwanga wa kawaida wa jua, basi kamera huona ultravioleti peke yake bila kupofushwa na mwanga mwingine.

Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1969 serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi huo. Alikuwa na miaka thelathini.

Hidrojeni kati ya nyota

Tarehe 13 mwezi wa tatu 1970 roketi ilirushwa kutoka jangwa la White Sands, katika jimbo la New Mexico, ikiwa na chombo cha Carruthers. Chombo kilielekezwa kwenye nyota moja iitwayo Xi Persei, ambayo mwanga wake hupita katika wingu la gesi na vumbi kabla ya kutufikia. Ndani ya mwanga huo ilipatikana alama ya molekuli ya hidrojeni, yaani atomu mbili za hidrojeni zilizoshikana.

Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamekisia kwamba molekuli hizo zipo kati ya nyota, lakini hakuna aliyekuwa amezipima. Umuhimu wake ni mkubwa. Nyota mpya huzaliwa pale mawingu ya gesi baridi yanapojikusanya kwa uzito wake yenyewe, na gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni molekuli za hidrojeni. Roketi iliyokaa juu dakika chache ilileta jibu la swali lililokuwa limengojewa kwa miaka mingi.

Mwezini

Baada ya hapo NASA ilikubali kamera ya Carruthers iende mwezini pamoja na Apollo 16. Alishirikiana na Thornton Page, mtaalamu wa nyota aliyekuwa na wazo la namna hiyo hiyo, na Carruthers akawa kiongozi wa jaribio. Chombo kilikuwa na uzito wa kilo 22 hivi, kimepakwa dhahabu ili kisipate joto kupita kiasi, na kilisimama juu ya miguu mitatu.

Apollo 16 iliondoka duniani tarehe 16 mwezi wa nne 1972, ikiwa na John Young, Charles Duke na Ken Mattingly. Young na Duke walitua katika nyanda za juu za Descartes tarehe 21, kwa saa za kimataifa, naye Mattingly akabaki akizunguka mwezi. Young aliisimamisha kamera katika kivuli cha chombo chao cha kutulia, maana juani ingepata joto. Katika siku tatu walitoka nje mara tatu, na kila mara kamera ilibidi ielekezwe kwa mkono kwenye shabaha nyingine. Ilikuwa darubini ya kwanza kutumiwa juu ya ardhi nyingine isiyo dunia yetu.

Walipoondoka walichukua kasha la filamu, wakaiacha kamera. Bado iko kule, karibu na mahali walipotua. Filamu ilipofika duniani ikasafishwa, zikapatikana picha karibu 200 za sehemu 11 za anga. Zilionyesha nyota za joto kali, mawingu ya gesi, na dunia yenyewe.

Mkanda wa mwanga juu ya nchi zetu

Katika picha za dunia, upande wa mchana unang'aa sana. Kuuzunguka mpira mzima kuna ukungu wa mwanga: ni hidrojeni iliyo juu kabisa ya anga, inayorudisha mwanga wa jua katika nanometa 121.6. Wataalamu huuita korona ya dunia. Karibu na ncha za kaskazini na kusini yanaonekana mataa ya anga. Na kwenye upande wa usiku, ambako mtu angetazamia giza tupu, inaonekana mikanda miwili ya mwanga inayokwenda sambamba na ikweta, mmoja upande huu na mwingine upande ule.

Mikanda hiyo yatoka wapi? Mchana, ultravioleti ya jua huzigonga atomu za oksijeni zilizo juu sana na kuzing'oa elektroni. Basi panakuwa na tabaka lenye umeme, liitwalo ionosfea; sehemu yake nene iko kati ya kilomita 250 na 400 juu ya vichwa vyetu. Usiku elektroni hurudi kuungana na oksijeni, na zinapoungana hutoa mwanga wa ultravioleti. Kamera iliona mwanga huo.

Lakini elektroni hazikai sawasawa kila mahali. Juu ya ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano ya dira haiinami juu wala chini, nguvu za umeme za mchana huziinua elektroni kwenda juu. Kisha zinateremka kwa kufuata njia za sumaku ya dunia, nusu kaskazini, nusu kusini, kama maji ya chemchemi yanayopanda katikati na kuanguka pembeni. Zinarundikana yapata nyuzi 15 kila upande.

Sasa tutazame ramani. Katika sehemu yetu ya Afrika ikweta ya sumaku haipiti juu ya ikweta ya kawaida. Iko kaskazini zaidi, karibu na nyuzi 10. Ukiteremka kusini nyuzi 15 kutoka hapo unafika karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kasongo iko nyuzi 4 na nusu hivi kusini, na Kabambare iko karibu hivyo hivyo. Mkanda husogea kulingana na saa, majira na nguvu ya jua, lakini Maniema ya kusini imo katika eneo lake. Jicho haliuoni. Mtu aliyesimama Kasongo jioni amesimama chini ya mojawapo ya sehemu za ionosfea zenye elektroni nyingi kuliko zote duniani.

Fonie, simu za satelaiti na GPS

Jambo hili linagusa kazi zetu. Katika vituo vya afya, parokia na misheni nyingi zilizo mbali na barabara, fonie bado inasaidia pale simu ya kawaida isipofika. Muuguzi aliye na mama mwenye uchungu wa uzazi ulioharibika huita hospitali kwa fonie. Mawimbi ya fonie hupanda, hugonga ionosfea na kurudishwa chini, kama mpira unaogonga dari. Ndiyo sababu sauti inavuka misitu na milima bila mnara wowote.

Waendeshaji wa fonie wanajua kwa mazoea kwamba frekwensi ya mchana siyo ya usiku. Sasa twaweza kueleza kwa nini. Mchana, tabaka la chini la ionosfea hula mawimbi yenye frekwensi ndogo, kwa hiyo huchaguliwa frekwensi kubwa kidogo. Usiku tabaka hilo la chini hutoweka na elektroni za juu hupungua. Frekwensi kubwa sasa hupenya na kupotea angani, hivyo mtu hushuka kwenye frekwensi ndogo. Mtu asiyeipata stesheni kwa frekwensi moja asifikiri mara moja kwamba kifaa kimekufa au kwamba wenzake wamemnyamazia. Ajaribu frekwensi nyingine waliyopatana, na kila kituo kiwe nayo imeandikwa ukutani.

Baada ya jua kutua, chemchemi ile ya elektroni mara nyingine huvurugika. Panatokea mapovu, yaani mahali penye elektroni chache katikati ya penye nyingi. Mawimbi ya GPS na ya simu za satelaiti yakipita hapo hutetemeka, kama nyota inavyometameta. Hali hiyo hutokea zaidi karibu na mwezi wa tatu na wa tisa, na katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Basi mtu anayeandika mahali pa kisima, pa shule au pa mpaka wa shamba kwa GPS atapata vipimo vya kuaminika zaidi akifanya kazi mchana kuliko saa mbili au saa tatu za usiku. Na kama ujumbe wa haraka kwa simu ya satelaiti umekatika jioni, inafaa kurudia baada ya muda.

Siku hizi satelaiti za ultravioleti hutumiwa kufuatilia mikanda hiyo. Picha za Apollo 16 zilikuwa kati ya zile za mwanzo zilizoionyesha kwa namna ambayo mtu aweza kuiona yote kwa pamoja.

Kazi baada ya mwaka 1972

Mwaka 1972 NASA ilimpa Carruthers nishani ya mafanikio ya pekee ya kisayansi. Hakupumzika. Kamera pacha, iliyotengenezwa kuwa akiba ya ile ya mwezini, ilirekebishwa na kutumiwa katika Skylab na kundi la mwisho la wanaanga waliokaa humo kutoka mwezi wa kumi na moja 1973 hadi wa pili 1974. Waliitumia kupiga picha kimondo cha Kohoutek, na wingu kubwa la hidrojeni likaonekana kukizunguka.

Aliendelea na roketi ndogo miaka yote hiyo. Mwaka 1991 kamera zake ziliruka ndani ya shuttle Discovery. Mwaka 1999 satelaiti ya ARGOS ilirushwa ikiwa na kamera zake za kutazama ionosfea, na katika mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo chombo chake kikaukamata mwanga wa ultravioleti wa kimwondo kilichokuwa kikiungua katika anga.

Ni vema kuona jinsi kazi hii ilivyokwenda. Kamera ya mwezini haikuwa bahati ya siku moja. Kabla yake kulikuwa na miaka minane ya roketi, baadhi zikifaulu na nyingine hapana. Baada yake kulikuwa na miaka thelathini ya kuiboresha kanuni ile ile, kutoka filamu mpaka vipokezi vya kielektroniki.

Mwalimu wa vijana

Kutoka miaka ya 1980 Carruthers alitumia sehemu kubwa ya nafasi yake kwa wanafunzi. Alisaidia kuanzisha mpango wa kuwaingiza vijana wa sekondari katika maabara yake wakati wa likizo, wafanye kazi pamoja na wanasayansi. Alishiriki katika mradi wa S.M.A.R.T., uliowavuta vijana weusi wa Washington kwenye sayansi, hesabu na mambo ya anga. Baada ya kustaafu alifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, ambacho tangu zamani ni chuo cha weusi.

Mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani, na mwanzoni mwa mwaka 2013 rais Barack Obama alimkabidhi nishani ya taifa ya teknolojia. Alifariki tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2020, huko Washington.

Chombo kinachobeba jina lake

Picha za mwezini ziliacha swali. Kamera ilikuwa umbali wa kilomita 380,000 hivi kutoka duniani, na korona ya hidrojeni inafika mbali kuliko hapo. Kipimo kilichotangazwa mwaka 2019 kilionyesha kwamba inavuka hata njia ya mwezi. Yaani kamera ya Apollo 16 ilikuwa bado ndani ya wingu lile lile iliyokuwa ikilipiga picha.

Ili kuliona kutoka nje, NASA iliandaa chombo kinachoitwa Carruthers Geocorona Observatory. Kilirushwa tarehe 24 mwezi wa tisa 2025, kiende mahali palipo umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua. Kina kamera mbili za ultravioleti, moja ya kutazama eneo pana, nyingine ya kutazama karibu. Kiongozi wa utafiti wake ni Lara Waldrop, wa Chuo Kikuu cha Illinois, chuo alichosoma Carruthers. Wanataka kujua jinsi hidrojeni inavyotoroka polepole kutoka duniani, na jinsi dhoruba za jua zinavyoitikisa anga ya juu. Hidrojeni hiyo asili yake ni maji. Kwa hiyo swali hilo pia lasaidia kueleza kwa nini dunia imehifadhi maji yake na sayari nyingine zimeyapoteza.

Kwa walimu na vijana wa Maniema ya kusini

Shule nyingi za Kasongo na Kabambare hazina maabara. Zipo ambazo hazina hata vioo vya madirisha. Hatusemi kwamba hilo si kitu; ni upungufu mkubwa, na wazazi, makanisa na serikali wana deni juu yake. Lakini kuna masomo yanayoweza kuanza kwa vitu vilivyopo.

Mwalimu achukue beseni la maji, aweke kioo kidogo ndani kikiwa kimeegemea ukingo, na mwanga wa jua ukipiga kioo ndani ya maji, rangi zitatokea ukutani kuanzia nyekundu mpaka violeti. Awaambie wanafunzi wasikitazame kioo wala jua lenyewe kwa macho, watazame ukutani tu. Hapo aonyeshe mahali violeti inapokwisha, na aeleze kwamba baada ya hapo, kwenye ukuta usio na rangi, ndipo inapoanza ultravioleti. Mwendesha fonie wa parokia aalikwe darasani aeleze anavyobadilisha frekwensi, na wanafunzi waandike kwa mwezi mmoja saa ambazo sauti inasikika vema na saa ambazo inapotea. Mwisho wa mwezi watakuwa na jedwali la kwao wenyewe juu ya ionosfea ya Maniema.

Mwanafunzi aliyeshindwa fizikia muhula mmoja asiambiwe kwamba akili yake si ya sayansi. Kijana wa Englewood aliyepata alama hafifu alikuwa anajua kutengeneza darubini. Mwalimu mwenye kutazama mikono ya wanafunzi, siyo madaftari yao peke yake, ataona vipaji ambavyo mtihani haukuviona. Tuseme hayo na kwa wasichana, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kutolewa shuleni fedha zikipungua.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo kijana wa Chicago hakuweza kulifanya akiwa nyumbani kwao, na wetu wanaweza. Kati ya shabaha za kamera ya mwezini lilikuwamo Wingu Kubwa la Magellan, kundi la mabilioni ya nyota lililo nje ya kundi letu, ambalo mwanga wake husafiri miaka 160,000 hivi mpaka kutufikia. Kutoka Chicago halionekani kamwe. Liko kusini mno. Kutoka Kasongo na Kabambare linaonekana kwa macho matupu. Katika mwezi wa kwanza, usiku usio na mbalamwezi na mvua ikiwa imeacha mawingu yakafunguka, simama saa tatu za usiku ukitazama kusini. Tafuta Kanopo, nyota inayong'aa kuliko zote upande huo. Chini yake, kidogo kuume, kwa kimo cha ngumi mbili na nusu juu ya upeo ukiwa umenyosha mkono, utaona doa jeupe kama moshi uliosimama. Ndilo hilo.